Umeme wa Mkwe

Taa ya sebuleni kwetu ina mikono mingi kuliko mgombea siku ya mwisho ya kampeni. Baba aliipata mjini, kwenye hoteli ya zamani iliyokuwa inavunjwa. Wenzake walikuwa wanagombania milango na masinki, yeye akarudi Kiseke na hilo dude la vioo kwenye bajaji ya mizigo, limelazwa juu ya godoro na kufunikwa shuka, mpaka majirani wakaanza kutoka nje kutupa pole.

Fundi alikataa kulitundika. Alisema dari la jipsamu si la kubeba kitu kama kile. Baba akamshukuru, akapanda darini mwenyewe, akalaza nondo juu ya mbao mbili na kushusha mnyororo. Tangu siku hiyo taa ikawa na tabia yake: inajizungusha. Taratibu, inakwenda kidogo, inarudi kidogo, hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mama hajawahi kukaa chini yake. Kochi lililoko pale chini huwa tunamkaribishia mgeni.

Msimu huu ilikuwa imechafuka kupita kiasi. Vile vijidudu vya ziwani viliinuka majini, wingu likasimama wima kama moshi wa nyumba inayoungua, halafu upepo ukalisukuma hadi kwetu mlimani. Vinafuata mwanga, na kwa mwanga hakuna aliyetushinda. Vikombe vya vioo vya ile taa vilijaa vimaiti vyao mpaka mdomoni. Ukiiwasha, sebule nzima inageuka rangi ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa na kunuka dagaa walioungua.

Na siku yenyewe ndiyo hiyo ambayo wageni wa dada yangu Dorcas walikuwa wanakuja kutoka Kisesa. Nestory, muuza dawa za mifugo, alikuwa analeta wazee wake waje kujitambulisha rasmi. Dorcas anafundisha chekechea Buswelu. Ni mtu wa kusubiri, amesubiri mambo mengi na watu wengi, na safari hii kila mmoja nyumbani alitembea kwa vidole asije akaivuruga. Hata mimi nilijitahidi. Kidogo.

Asubuhi umeme wa luku ulizimika, uniti tulizonunua zimeisha. Mimi niliona nuksi, Baba akaona bahati.

"Si mlikuwa mnaogopa kuiosha?" alisema, amesimama katikati ya sebule na shati la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya wageni. "Haya, imekufa hiyo. Maiti haiumi mtu."

Mama alikuwa anafunga kilemba aende kwa jirani kuazima vikombe. "Meni swichi umezima?"

"Nizime nini, Mama Dorcas, wakati hakuna kitu? Unafunga zizi wakati ng'ombe wameshauzwa?"

"Mhoja naye aliambiwa hakuna kitu."

Mhoja alikuwa jirani yetu wa nyumba ya juu, kwenye yale mawe. Alipanda kurekebisha taa ya barazani umeme ukiwa hakuna mtaa mzima. Mtaa ukarudishiwa umeme. Walimkuta amekaa kwenye ngazi, kichwa kimeinama, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Watoto walikuwa wamepita chini yake na kumsalimia.

"Wa Mhoja ulikuwa umekatika," Baba alisema. "Wetu umeisha. Wa kukatika unarudi wenyewe. Ulioisha unarudi kwa kununua, na mimi sijanunua."

Mama akamaliza kufunga kilemba, akaondoka. Na mimi, nikiri, niliona mzee kapiga hesabu yake sawasawa.

Swichi za ile taa ziko mbili, moja mlangoni na nyingine koridoni, na Baba aliziunganisha kwa akili zake mwenyewe. Umeme ukiwepo unabonyeza yoyote mpaka giza liingie. Umeme usipokuwepo hakuna binadamu anayejua ipi imezima na ipi imewasha. Nilibonyeza ya mlangoni. Dorcas akapita akaibonyeza tena.

"Mimi nimeshazima," nikamwambia.

"Kwani mimi nimefanya nini?"

Tukaangaliana. Tukaangalia taa. Ilikuwa inajigeuza taratibu, kama mtu anayesikiliza.

Dorcas alikuwa amejifunza kazi yote kwenye simu, video ya mama mmoja mwenye kucha ndefu. Kwanza tukaipiga picha taa ili tujue kila kioo kilining'inia wapi. Tukalisukuma kochi la wageni ukutani, tukatandika godoro chini, juu yake blanketi, kioo kikidondoka kisipasuke. Ndoo moja ya maji na siki, ndoo nyingine ya maji matupu. Mkononi alivaa soksi nyeupe za Baba za kanisani, vidole visiache alama. Kitambaa unakilowesha wewe, taa huimwagii. Na usiizungushe taa kwa kuvuta, yule mama alisisitiza. Wewe ndiye unayezunguka na ngazi yako, maana ukiigeuza sana mnyororo unajifungua huko juu.

"Yetu inajizungusha yenyewe," nilisema. "Imetuokolea kazi."

"Shika ngazi, Obedi."

Ngazi ilikuwa ya kanisani, ya kukunja, ile ya kusimama kama herufi A. Kile chuma cha kuzuia miguu isiachane kilikuwa kimeng'oka, na mahali pake palifungwa kamba ya katani. Kamba ilikuwa imeoza. Ndiyo maana kazi yangu ilikuwa moja tu: kusimama katikati na kuikumbatia ngazi miguu yote miwili isitengane, juu ya marumaru zilizoanza kulowa.

Dorcas akapanda. Alipoingiza mkono kwa mara ya kwanza katikati ya ile mikono ya shaba, nikapiga "zzzzz" kwa meno.

Ngazi yote ilitikisika. Alishika mnyororo kwa mikono miwili, na huko juu darini kitu kikalia, mbao au nondo, sijui. Vumbi jeupe la jipsamu likanidondokea machoni.

"Wewe mtoto," alisema pole pole, "siku moja utasema kweli na hakuna mtu atakayekugeukia."

"Nitaandika barua."

Hakucheka. Nami nilikuwa na sababu ya kutoaminiwa. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepiga kelele kwamba wageni wamefika, na Baba akatoka mbio hadi getini na kiatu kimoja. Alimkuta kuku. Nyumba yetu ndivyo ilivyo. Mzee mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Ukisema mvua inanyesha, mtu lazima atoe mkono nje kwanza.

Kazi ikaenda. Alifungua vikombe vya taa kimoja kimoja, akanishushia nikivipokea kwa mkono mmoja huku wa pili umeng'ang'ania ngazi. Ndani yake vijidudu vilikuwa vimeshikana kama matope meusi. Vioo vilipooshwa vilitoa mwanga hata bila umeme, vikatupa vidoa vya rangi ukutani, na vile vidoa navyo vikawa vinatambaa kwenda na kurudi. Nje palikuwa kimya. Upepo wa ziwani ulikuwa umesimama, na juu ya maji, kule mbali, niliona wingu jingine limeanza kuinuka, jembamba na jeusi.

Dorcas alifika kwenye mkono wa katikati. Akafungua globu, akachungulia ndani ya holda.

"Vimeingia hadi humu. Vimegandia."

"Viache vizikwe humo humo."

"Wageni watasikia harufu." Akazungushia kitambaa kibichi kwenye kidole, akaanza kuchokonoa ndani ya holda.

Hapo ndipo nilipomwona Baba akipita nje ya dirisha. Alitembea kwa kunyata, jambo ambalo mzee wa mwili wake hafanyi bila sababu. Simu kaishika mbali na uso, miwani kaishusha puani, midomo inasomasoma. Alikuwa anatabasamu. Akapotea nyuma ya ukuta, upande ule wenye mita.

Halafu nikasikia: ti. Kimya. Ti. Ti.

Ni mlio mdogo, wa kitufe cha luku kikibonyezwa. Kila mtu mwenye nyumba anaujua. Namba za umeme ni ndefu, na Baba huziingiza moja moja kama mtu anayepanda mahindi, lakini mwisho huwa anamaliza. Mtu alikuwa amemtumia umeme. Sikuhitaji kufikiri sana kujua ni nani, siku kama hiyo, anayetaka kuonekana mkwe mwema kabla hajafika mlangoni.

Nikaikaza ngazi kifuani.

"Dorcas, shuka."

"Bado kidogo."

"Baba anaingiza umeme."

"Na wageni wamefika," alisema bila kugeuka, "na ziwa limekauka."

"Dada, sikutanii. Toa mkono."

"Zzzzz," alinijibu, na kidole chake kikazama zaidi.

Ti. Ti.

Nikapaza sauti kuelekea dirishani. "Baba. Acha hiyo mita. Dorcas yuko kwenye taa."

Vitufe vikanyamaza. Kwa muda nikapumua. Kisha sauti ya Baba ikaja, nzito na ya upole, ya mtu anayeficha zawadi mgongoni. "Mita gani? Mimi natafuta kuku wa mama yako."

"Umesikia?" Dorcas alisema. "Anatafuta kuku."

"Baba, nakuomba."

"Leo hunipati, Obedi. Kiatu kimoja nimekimbia, cha pili kinatosha."

Akacheka peke yake huko nyuma. Ti. Ti. Ti. Sasa alikuwa ameshika mwendo.

Meni swichi ilikuwa koridoni, karibu na jiko. Ningeachia ngazi, miguu yake ingeachana kabla sijafika mlangoni, na Dorcas angedaka kilichoko karibu, yaani taa yenyewe. Nikijaribu kumvuta, hali ni ile ile. Nilimtazama kwa chini: nyayo zake zimelowa, kaegemeza nyonga kwenye ngazi ya chuma, mkono wa kushoto umeshika shaba, kidole cha kulia kiko ndani ya holda na kitambaa kinachodondoka maji. Mhoja hakuwa hata na maji.

Ukweli nilikuwa nimeshausema na haukufaa kitu. Kilichokuwa kimebaki ni kile kingine ninachokiweza. Dada yangu hashuki ngazi kwa hofu. Lakini kwa hasira anashuka. Tangu utotoni, ukitaka Dorcas aache anachofanya, mchokoze mpaka aje akuzabe.

"Panda usipande, safisha usisafishe," nikasema, "Nestory ana mtoto Kisesa."

Mkono ukasimama.

"Nini?"

"Ana mtoto. Na Sabina wa duka la dawa."

Kwa nini Sabina, sijui. Kisesa nzima nilikuwa namjua mtu mmoja tu nje ya Nestory. Siku niliyokwenda kumpelekea shemeji mzigo niliingia kununua panadoli, na yule dada wa dukani, kibandiko chenye jina kifuani, aliniangalia kwa muda mrefu akaniuliza, "Wewe ndiye mdogo wake yule mwalimu?" Nikamwambia ndiyo, akanipa panadoli. Basi. Jina lake ndilo lililokuja.

Dorcas alitoa kidole kwenye holda. Alikitoa pole pole sana. Kitambaa akakiacha kimening'inia palepale kwenye shaba.

Ti. Ti.

"Rudia."

"Shuka nirudie. Kwani naogopa? Nyumba nzima inajua, ni wewe tu bibi harusi."

Nilijitahidi kuweka ile sauti yangu ya kukera. Ilitoka ikitetemeka, na nadhani kutetemeka ndiko kulikomwingia. Hajawahi kunisikia hivyo. Alianza kushuka. Hakushuka mbio kama mtu mwenye hasira, alishuka kama mgonjwa, mguu mmoja, akitafuta kipandio, halafu wa pili. Nikawa nayasikia moyoni yale mambo mawili kwa pamoja, nyayo zake na vitufe vya Baba, na yote yalikuwa yanaelekea mwisho.

Mguu wake ukagusa blanketi. Nikaachia ngazi, nikamkumbatia kiunoni na kumrusha kwenye kochi la wageni.

Mita ikalia mlio mrefu.

Taa ikawaka yote. Halafu kule katikati, kwenye ile holda tupu, pakatoka cheche ya bluu na mlio kama wa mtu anayekanyaga kioo. Kitambaa kikaanza kutoa moshi. Globu ya jirani yake ikapasuka, na vipande vikanyesha juu ya ngazi, pale pale kilipokuwa kichwa chake. Miguu ya ngazi ikateleza, ikaachana, ikalala chini kwa kelele.

"Mwanga huo," Baba aliita kutoka nje kwa furaha. "Umeme wa mkwe huo."

Nilikimbia koridoni nikazima meni swichi. Niliporudi Baba alikuwa mlangoni, simu bado mkononi. Aliitazama ngazi, akautazama moshi, akamtazama Dorcas aliyekaa kwenye kochi na soksi zake za kanisani mikononi. Uso wake ulizeeka mbele yetu. Akaenda kukaa barazani mpaka Mama aliporudi na vikombe.

Nilipiga magoti mbele ya dada. "Nilikudanganya. Ilikuwa njia ya kukushusha. Hakuna mtoto."

Dorcas hakunizaba. Ningefurahi angenizaba.

"Jina hilo nani alikupa?"

"Hakuna aliyenipa. Nilikurupuka tu."

"Ulikurupuka na Sabina."

"Dada, naapa."

"Naijua namba yake," alisema, akiwa anavua soksi. "Inampigia sana Nestory. Aliniambia ni mteja, anaulizia dawa ya minyoo ya ng'ombe." Akazikunja soksi moja ndani ya nyingine, vizuri, kama anaziweka kabatini. "Mwenye duka la dawa za binadamu. Sikuwahi kujua anaitwa nani mpaka juzi, nilipouona ujumbe wenye jina lake kwenye simu ya Nestory. Na sikumwambia mtu yeyote."

Nikaapa tena.

Mpaka wageni wanafika nilikuwa nimeapa kwa kila kitu: kwa Mungu, kwa kaburi la bibi, kwa cheti changu cha kidato cha nne ambacho hakina thamani kubwa. Kila nilipoapa alitikisa kichwa kwa adabu, akaendelea kupanga vikombe. Mama alifagia vioo. Baba aliondoa kitambaa kilichoungua, akajaribu umeme tena, na taa ikawaka safi, nyeupe, haijawahi kupendeza hivyo, isipokuwa ule mkono mmoja wa katikati uliobaki mweusi.

Walikuwa wanne: Nestory ndani ya suti, baba yake mdogo Mzee Maige ambaye ndiye msemaji wao, shangazi yao aliyejifunga khanga juu ya gauni, na kijana wa kubeba soda. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi. Mzee Maige akaisifu taa. Baba akasema asante, akaangalia chini. Nestory alinikonyeza na kuniuliza kwa sauti ya chini kama umeme uliingia salama. Nikamwambia uliingia.

Kisha Dorcas akaitwa. Kwetu ndiyo kanuni: kabla ya neno lolote, binti anaulizwa mbele ya wote kama wageni anawafahamu. Akisema ndiyo, mazungumzo yanafunguliwa. Akisema hapana, soda zinanywewa na watu wanaaga.

Alipiga magoti, akasalimia, akasimama.

"Mwanangu," Baba alisema, "hawa watu waliokaa hapa, unawafahamu?"

"Namfahamu Nestory. Baba mdogo Maige nimewahi kumwona kwenye picha, na shangazi pia." Akaangalia mlangoni. "Sabina mbona hamkuja naye?"

Baba alicheka. Alidhani Dorcas amejifunza utani kwangu, na pengine alikuwa anahitaji kucheka. Alicheka peke yake kwa muda, kisha akaacha.

Mimi sikuwa namtazama Nestory. Nilikuwa nasubiri swali. Mtu asiyejua kitu lazima aulize: Sabina yupi? Hata kwa adabu tu. Nilimwomba Mungu mmoja wao aulize, yule kijana wa soda walau. Mzee Maige aliweka kikombe kwenye kisahani, kikagonga. Nestory alirekebisha tai. Shangazi akaivuta khanga yake, akaanza kulitazama blanketi ambalo Mama alikuwa amesahau kuliondoa pembeni.

"Shangazi," Dorcas alisema, na sauti yake ilikuwa ile anayoongea na watoto wa chekechea, "mtoto hajambo?"

Yule mama alimtazama Maige, akamtazama Nestory. Hakuna aliyemsaidia.

"Hajambo," alisema. "Anatembea sasa."

Mama yangu aliketi. Aliketi pale pale alipokuwa amesimama, chini ya taa, bila kujua alipokaa.

"Baba," Dorcas alisema, "umeniuliza kama nawafahamu. Siwafahamu."